Mkia Unaotangulia

3 Februari

Kwa mwanangu Kiberiti,

Salamu nyingi, na marahaba naitanguliza kabisa kwa sababu najua utaniamkia ukijibu. Huku sisi wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Paka wa jirani amezaa ndani ya ndoo yangu ya brashi, nimewaachia ndoo. Mpangaji wa chumba cha nyuma amejifunza tarumbeta, au tuseme bado anajifunza. Baba yako hajambo. Yuko kwenye karakana yake na redio zake, anazifungua, anazifunga. Hajakutaja, na mimi sijamchokoza.

Sasa sikiliza. Mkuu wa maktaba amenipa ukuta. Si kibao cha duka wala mlango wa lori, ukuta mzima, mita tisa kwa tatu, ule wa chumba cha watoto unaotazama barabara. Anasema kuna nyota yenye mkia itaonekana kuanzia mwisho wa Machi, jioni jua likishazama, na anataka watoto waikute ukutani kabla hawajaiona angani. Miaka thelathini na moja nimeandika "Usiegeshe Gari Hapa" na "Mbwa Mkali". Hii ni mara ya kwanza mtu kuniomba kitu kisicho na herufi.

Nikaanza. Kona ya chini kushoto nimeweka jua. Nyota yenyewe inatoka kwenye jua, inakwenda zake kulia juu, na mkia unaifuata nyuma kama vumbi linavyofuata lori. Nani asiyejua kwamba mkia hukaa nyuma? Hata ng'ombe anajua.

Siku ya nne, nikiwa juu ya ngazi, akapita mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani. Akakunja mikono, akasema, "Mama, mkia huo umekaa kinyume."

"Kinyume na nini?"

"Na ukweli. Nyota hiyo ikiondoka kwenye jua, mkia hutangulia."

Nikamuuliza kama amewahi kuona mbuzi anayetanguliza mkia. Akasema ndiyo, akirudi kinyumenyume. Watu wakacheka, na hawakucheka upande wangu. Ndipo nikatangaza mbele ya wote, mkuu wa maktaba akiwemo, kwamba mtoto wa ndugu yangu anafanya kazi kwenye kituo kinachotazama hayo mambo, na neno lake ndilo la mwisho. Mkuu wa maktaba akasema vyema, tusubiri.

Kwa hiyo andika upesi, na uandike vizuri, maana itasomwa hadharani. Ningepiga simu, lakini hicho kituo chenu kinaogopa simu kama paka anavyoogopa maji.

Shangazi yako

*

19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa yale utakayoyakuta hapo chini.

Barua yako ililala siku tisa posta huko bondeni, lori letu liliharibika rejeta. Lori ndilo linalotuletea chakula, dizeli na barua, mara mbili kwa mwezi. Simu ni marufuku kwa sababu antena zetu zinasikiliza mawimbi hafifu mno kutoka angani. Simu moja ikiita jikoni ni sawa na tarumbeta ya mpangaji wako kando ya mtoto aliyelala. Mimi mzima, nimenenepa kidogo. Kazi inakwenda vizuri sana. Siku hizi nasimamia picha zote za kamera kubwa.

Haya. Mwalimu yuko sahihi. Kaa kwanza, kisha uendelee kusoma.

Hiyo nyota si nyota. Tunaiita kometi, nayo ni bonge la barafu iliyochanganyika na vumbi, kubwa kama mlima. Ikikaribia jua, barafu inageuka mvuke na vumbi linafunguka. Sasa, jua halitoi mwanga tu. Saa zote linapuliza chembe ndogo zenye umeme, pande zote, kama kilomita mia nne kwa sekunde, na chembe hizo zinabeba nguvu ya sumaku. Huo ndio upepo wa jua. Mvuke wa kometi ukichomwa na mwanga unapata umeme nao, na ukishaupata, upepo unaudaka kwa ile sumaku na kuusukumia mbali na jua, moja kwa moja. Hauulizi kometi inaelekea wapi. Ikija, mkia uko nyuma. Ikiondoka, mkia uko mbele. Ni kama wewe ukitembea na upepo mkali mgongoni, mtandio wako unafika sokoni kabla yako.

Na kuna mkia wa pili. Vumbi ni zito, upepo huo hauliwezi. Linasukumwa pole pole na mwanga wenyewe, linachelewa njiani, kwa hiyo mkia wake ni mpana, umepinda, rangi ya maziwa yenye unjano. Ule wa mvuke ni mwembamba, umenyooka kama rula, na ni wa bluu. Watu waliuhisi upepo wa jua kwa kutazama mikia hii, kabla chombo chochote hakijafika huko juu kuupima. Kwa hiyo ukiuchora sawasawa, umechora upepo usioonekana. Mwambie mwalimu hivyo, atulie.

Shangazi, mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivi? Zamani uliweza kuandika anwani nzima nyuma ya stempu. Barua hii ina maneno matano kwa mstari.

Msalimie Baba. Au usimsalimie, utakavyoona mwenyewe.

Kiberiti

*

14 Machi

Kiberiti,

Marahaba ya kwanza. Ya pili naiweka kiporo.

Huku wazima. Watoto wa paka wamefumbua macho, wanne, wote wakorofi. Tarumbeta imefika kwenye nusu ya wimbo na imekwama hapo.

Barua yako ilisomwa mbele ya maktaba. Yule mwalimu, Bwana Sahihisho ndivyo ninavyomwita sasa, aliisikiliza amefumba macho kama mtu anayesifiwa harusini kwake. Ilipofika pale pa mtandio akacheka, basi nikamsamehe robo. Nimefuta kazi ya siku tatu. Nilipokuwa nafuta nikasema, huu ni upepo gani unasukuma mvuke wa mlima mzima lakini haupeperushi hata shuka langu kwenye kamba? Akadakia kwamba dunia ina sumaku yake, ndiyo inayoukinga. Sikuwa nimemuuliza yeye, nilikuwa naongea na ukuta.

Mkia wa vumbi umetoka vizuri. Ule wa mvuke nimeupiga kwa rula, mita nne, bluu safi. Mkuu wa maktaba akatoka na kikombe chake cha chai, akautazama, akasema, "Mbona wa kijani?" Nikamwambia ni bluu. Akamwita mfagizi. Mfagizi naye akasema kijani. Muuza rangi siku hizi anafunika makopo ovyo ovyo, nitamwendea.

Kuhusu mwandiko: kalamu hii inamwaga wino.

Wewe umesema unasimamia picha zote. Una watu wangapi chini yako?

Baba yako nilimsomea barua yako mpaka mwisho. Akaniambia, "Rudia pale pa antena." Nikarudia. Akaendelea kuunga nyaya zake.

Shangazi

*

6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Hewa huku ni baridi, na mpishi amegundua dengu, tunazila mara nane kwa wiki, sijui anaipata wapi siku ya nane.

Kometi imetoka. Kila jioni jua likizama tunaiona juu ya ukingo wa magharibi, na mkia wake unaelekea juu, mbali na jua, kama ulivyouchora mara ya pili.

Kijani si dhambi kubwa. Kichwa cha kometi mara nyingi huwa kijani kwa sababu ya gesi zake, unaweza kuisogeza huko. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha bluu saba nikiwa sijaanza shule, na ulikuwa unajua kopo lipi ni lipi hata kabla ya kulifungua. Muuza rangi hana hatia. Unajua ninachotaka kuuliza. Nitaanza mimi kusema ukweli, ili usiniambie nakuchimba.

Sisimamii picha. Nazichambua, kama mchele. Yenye wingu natupa, iliyopitiwa na ndege natupa, iliyotikisika natupa. Chini yangu hakuna mtu, labda dengu. Nipo kwa majaribio ya miezi sita, yanaisha mwisho wa Mei.

Jumanne, tarehe thelathini na moja, zilikuja picha tatu za ajabu. Mkia wa bluu ulikuwa umekatika. Kulikuwa na kipande kifupi karibu na kichwa, kisha pengo jeusi, kisha mkia uliobaki ukielea peke yake. Nikasema kamera imeharibika. Nikazitupa, nikaenda kula.

Asubuhi mkuu wa kituo akaingia amechangamka, mama yule mfupi ambaye huwa hachangamki hata siku ya mshahara. Akasema vipimo vimeonyesha upepo wa jua ulikuwa umegeuza sumaku yake jana, kaskazini ikawa kusini, na mpaka wa mageuzi hayo umepita palepale ilipo kometi. Ikitokea hivyo, mkia wa mvuke hung'oka mzima, upepo ukauchukua, na kometi ikaanza kuota mwingine. Vituo vingine vyote vilikuwa na mawingu. "Nani ana picha za jana?"

Nikasema, "Hazikutoka vizuri, mama."

Ndivyo nilivyosema. Akarudi ofisini kwake amenywea.

Picha zilizotupwa zinakaa siku thelathini, halafu mashine inazifuta yenyewe. Leo ni siku ya sita. Nikisema, atajua sikukosea tu bali nilificha. Nisiposema, zitafutika, na mimi nitabaki hapa nikichambua nyingine. Kila siku naamka nikijiambia leo.

Sasa wewe. Macho yana nini?

Kiberiti

*

20 Aprili

Kwa mwanangu Kiberiti,

Marahaba. Usishangae mwandiko, si wangu. Nasema, baba yako anaandika. [Ni kweli, ni mimi. Hujambo.]

Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Nimejua mwaka mzima na zaidi. Kwanza rangi ya bluu ilififia, kisha usiku taa zikaota ndevu, kisha nikaanza kusoma makopo kwa vidole. Nikanyamaza. Mchora vibao asiyeona vizuri nani atampa kazi? Na huo ukuta nilikuwa nimeusubiri miaka thelathini na moja bila kujua nausubiri.

Barua yako nilishindwa kuisoma. Nikampa baba yako anisomee. Akaisoma mpaka pale "macho yana nini", akakunja karatasi, akavaa viatu. Hakuniuliza. Bwana Sahihisho ana gari, akatupeleka hospitali. Njia nzima alinieleza jinsi lenzi ya jicho inavyogeuka njano na kuzuia bluu isipite. Nilikuwa sina pa kukimbilia. Daktari amelifungua la kulia wiki iliyopita, limefungwa gubigubi, siwezi hata kugeuza shingo. [Limefunikwa kikombe cha plastiki tu. Shingo anageuza. Jana amegeuza kumtukana mpiga tarumbeta.]

Kabla sijaenda nilipita kwa mkuu wa maktaba nikamweleza. Nilijua ananinyang'anya ukuta. Akasema alijua tangu siku ya kijani, alikuwa anasubiri niseme mwenyewe, na kwamba mtu mwingine wa kuuchora hamjui. Nililia, lakini kwa sababu ya dawa za macho. [Dawa alikuwa hajapewa bado.]

Kwa hiyo nenda ukaseme. Huenda ukafukuzwa, sikudanganyi. Lakini wewe si mtu wa kuishi na kitu kama hicho mfukoni, tangu utotoni ukiiba sukari unajishitaki kwa uso.

[Mimi sina la kusema kuhusu picha. Nina swali. Antena zenu mnazikinga vipi na kutu? Huko juu lazima kuna ukungu asubuhi. Viungio mmeviunga kwa nini, na nani anavikagua?]

Anaandika nini huyu, sijasema neno kwa dakika tano. [Naandika ulichosema.] Hebu nisomee. [Anataka nimsomee. Naishia hapa.]

Shangazi yako, na huyu

*

3 Mei

Shangazi, na Baba,

Shikamooni nyote wawili. Sijawahi kufurahia mwandiko mbaya namna ile.

Barua yenu ilifika tarehe mbili Mei. Siku thelathini zilikuwa zimeisha. Lakini nilikuwa nimeshasema, tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi, baada ya kuzunguka mlango wa mkuu wa kituo mpaka mpishi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja: nilizitupa, nikadhani ni kamera, ukauliza, nikaficha. Alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya.

"Zipo bado?"

"Zipo. Zimebaki siku mbili."

"Zilete."

Nikazileta. Alizitazama muda mrefu mpaka chungwa likakauka mkononi. Ya kwanza, pengo jembamba. Ya pili, limepanuka. Ya tatu, mkia wa zamani umekwenda zake na karibu na kichwa kuna unywele mpya wa bluu unaanza. Akasema, "Kukosea hakunisumbui, mimi mwenyewe niliwahi kutupa picha ya mwezi. Kinachonisumbua ni wiki nne."

Sijafukuzwa. Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu, na nimeandikishwa ripoti inayosema wazi kwamba picha zilitupwa na nani, kwa nini, na zikafichwa kwa siku ngapi. Imebandikwa ukutani kwenye chumba cha kazi. Naipita kila siku nikienda kunywa maji.

Baba, majibu yako. Tunapaka rangi ya kukinga kutu, lakini ukungu unaingia kwenye viungio, umekisia sawa. Vimeungwa kwa skrubu za chuma kwenye shaba, ambapo chuma huoza upesi, nami najua utakavyokunja uso ukisoma hapo. Antena ya tatu inakwaruza tangu Januari, fundi wetu alipoondoka. Hakuna anayekagua. Nimechora viungio vyenyewe ukurasa wa nyuma.

Na kuna jambo jingine, sijui niliandike vipi. Siku ile ya kuondoka nyumbani, ulipotaka nibaki nirithi karakana, nilikwambia redio zako ni maiti na wewe ni mlinzi wa makaburi. Miaka miwili nimekuwa nikisubiri wewe uanze kuzungumza. Sijui kwa nini nilidhani ni zamu yako. Nisamehe, Baba.

Shangazi, jicho la pili lini?

Kiberiti

*

22 Mei

Kiberiti wangu,

Marahaba. Tazama mwandiko huu. Hesabu maneno ya mstari mmoja, kisha uniombe radhi.

La kushoto lilifunguliwa tarehe sita. Nimegundua kwamba mlango wangu ni wa bluu. Miaka miwili nimekuwa nikiwaambia wageni watafute mlango wa kijivu, na wote walifika, sijui wana adabu gani hawakuniambia.

Ukuta tuliuzindua Jumamosi, umechelewa wiki saba kwa ajili ya macho yangu. Mkia wa bluu niliupiga upya siku mbili kabla, kwa macho yangu. Kile kijani nimekipeleka kwenye kichwa kama ulivyosema. Bwana Sahihisho alileta darubini yake ya mkono, na jua lilipozama tukapanga foleni uani. Kometi imeshafifia, kwa macho matupu ni kama chaki iliyofutwa vibaya. Zamu yangu ilipofika nilimwambia, "Nisipouona huo mkia wa bluu nakufuta wewe." Akanishikia darubini isitikisike. Kwanza niliona doa. Kisha nikaona uzi, mwembamba, umesimama wima kabisa. Nikaganda hapo hapo mpaka watu wa nyuma wakaanza kunisukuma.

Sasa jambo la siri. Ule ukurasa wako wa viungio baba yako ameusoma mara tatu. Ile aya ya kuomba msamaha ameisoma mara ngapi sijui, maana alitoka nayo nje. Jumatatu amefunga karakana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ndoa yake. Amebeba sanduku la vifaa na koti zito, akaniambia anakwenda mara moja kununua nyaya. Leo Ijumaa. Nyaya gani hizo.

Akifika kabla ya barua hii, mimi sijakuambia kitu. Akifika baada yake, jifanye umeshangaa.

Shangazi yako mwenye macho

*

5 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na radhi nakuomba: maneno kumi na nne kwa mstari, nimehesabu.

Alifika wiki mbili kabla ya barua yako. Sikuhitaji kujifanya.

Nilikuwa natoka jikoni na bakuli. Lori limesimama, mtu anashuka kinyumenyume na koti kubwa, nikadhani ni fundi mpya. Akageuka. Nikabaki nimesimama na dengu zangu. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Ya tatu ni ipi?" Nikamwonyesha kwa kijiko. Akaenda moja kwa moja. Alipanda ngazi na koti lake, akakaa huko hadi saa kumi, na aliposhuka mkuu wa kituo alikuwa chini anamsubiri amemkunjia uso, nani huyu amepanda bila ruhusa. Baba akamfungulia kiganja. Kilijaa skrubu zilizooza. Akamwambia, "Mama, hizi ndizo zilizokuwa zinaongea." Toka siku hiyo wanabishana kila asubuhi kuhusu shaba, na nadhani wote wawili wana furaha sana.

Jioni nilimpeleka chumba cha kazi. Kabla sijasema neno alikuwa ameshasimama mbele ya ripoti yangu ukutani. Aliisoma yote, pole pole, kwa kidole, kama anavyofuata waya. Mimi nilitazama sakafu. Alipomaliza hakugeuka.

"Hili jina lako umeliandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Hukulazimishwa?"

"Kuandika ripoti nililazimishwa. Zile siku za kuficha nilizihesabu mwenyewe."

Kisha akavuta kiti changu, akakikalia, akavaa miwani. "Haya," akasema, "nionyeshe huo mkia ulivyokatika. Anza ya kwanza. Usiniharakishe."

Nikamwonyesha. Alitaka kila picha mara mbili. Mpaka mpishi anagonga sufuria ya chakula cha jioni tulikuwa bado kwenye ya pili.

Mwanao,
Kiberiti